Sponji ya Sufuria

Nilikuwa kwenye foleni ya waosha magari, namtazama fundi anavyolipapasa gari la mtu kwa kitambaa laini utadhani anamfuta mtoto mafua. Nikajisemea: na hii nayo ni kazi ya kulipia? Maji ninayo, mikono ninayo. Nikageuza.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, na gari langu ni jeusi. Mwenye akili angelisogeza kivulini. Mimi nikaona jua litanisaidia kukausha. Lilinisaidia kweli: povu lilikaukia pale pale, nikabaki na madoadoa meupe kama gari limeota ukurutu.

Sabuni nilichukua ya vyombo. Ile inayokata mafuta ya kikaango hukata na nta inayolinda rangi, ila hayo niliyajua baadaye.

Sasa, kwenye boneti palikuwa na kinyesi cha ndege kilichokauka, na kilikuwa kimeazimia kubaki. Sponji ilikuwa imeshanidondoka mchangani mara mbili, nikaiokota, nikaikung'utia pajani, kazi ikaendelea. Kinyesi kikagoma. Nikageuza upande wa kijani, ule wa kukwangulia ukoko. Nikasugua kwa duara, kwa nguvu, huku napiga mluzi. Kikatoka! Nikaupenda upande ule, nikaenda nao mpaka mlango wa dereva.

Mwanangu akatokea. "Baba, mbona unalichora?"

"Nenda kasome."

Jioni tulikuwa na harusi. Mke wangu, kapendeza, akaingia kiti cha nyuma ili nguo isikunjike. Nikasikia "chwaa", kisha kimya. Kumbe dirisha la nyuma nililiacha wazi upana wa vidole viwili, na mpira wa maji sikuuhurumia. Usiku mzima alisalimiana na watu akiwa ameegemea ukuta. Mimi sikusalimiwa.

Jumatatu nikarudi kwa fundi, kichwa chini. Akachuchumaa mbele ya boneti, akawasha tochi ya simu. Mwangani yakajitokeza maduara juu ya maduara, utando wa buibui mtupu. Akapitisha ukucha kwenye mchubuko mmoja, ukanasa. Akanieleza kwamba ile klia, yaani tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi, ni nyembamba kuliko karatasi, mashine ya polishi itaila kidogo ili kuisawazisha, na panaponasa ukucha hapatatoka pote. Kisha akataja bei. Ningeoshewa mwaka mzima na chenji ikabaki.

"Bosi, nani aliliosha hili?"

"Kuna kijana mmoja pale mtaani."

"Umeshamlipa?"

"Bado."

"Usimlipe."

Mwanangu, niliyekuja naye, akafungua mdomo. Nikamkanyaga kidole.