Ekari ya Twiga

Kwetu ekari inapimwa kwa miguu: hatua 70 kwa 70. Nilipokwenda Kayenze, kando ya ziwa, kukodi shamba la matikiti, mzee mwenye shamba alikuwa mfupi, tena anatembea kama anakwepa tope. Nikaona hapa nitalipia ekari, nipewe bustani ya mchicha. Nikamwomba turudie kesho, nije na mpimaji wangu.

Mpimaji mwenyewe ni shemeji yangu, mtaani tunamwita Twiga. Ujira wake, matikiti matano. Alipiga hatua kama anaruka mitaro, mimi nyuma nahesabu huku nakimbia. Ya 70 ikaishia kwenye matete, ziwa nalisikia. Mzee akapokea laki yake ya msimu, akacheka kidogo. "Haya, kijana wangu. Umekodi mpaka huko."

Ile "huko" sikuisikia vizuri.

Nilijiona nimejipatia nusu ekari ya bure. Bure hiyo ilidumu siku mbili. Jamaa wa kulima kwa ng'ombe alikuja, mfupi naye, akapima kwa miguu yake: 85 kwa 85.

"Ekari moja na nusu, bosi. Sh 75,000."

Nikamwambia nimekodi ekari moja, Sh 50,000 yake hii hapa. Akasema ng'ombe wake hawakuwepo tukipatana na mzee. Wa palizi akaja na miguu yake. Mbegu, mbolea, dawa, petroli ya pampu, vyote vikafuata kipimo cha Twiga. Kumbe kodi ilikuwa ndogo mbele ya hivyo vyote kwa pamoja, na ndiyo niliyoikodia shemeji mzima!

Matikiti yakakubali, tena yale ya kwenye matete ndiyo manono. Ukiyagonga kwa kidole yanaitika. Wiki moja kabla ya kuvuna nikakuta barabara imepita katikati, nyayo za vidole vinne, kila moja kama sahani ya ubwabwa. Kiboko hakubakiza hata ganda la ushahidi.

"Kwa hatua zangu ungeishia pale kwenye mwembe," mzee akaniambia. "Huyo mwenzako hafiki pale."

Nikaenda kuulizia kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa walioliwa mazao na wanyamapori. Afisa alinisikiliza kwa huruma, mpaka akaniuliza shamba liko mita ngapi toka kwenye maji, maana sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, nikakumbuka ghafla kwamba nina mgonjwa nyumbani.

Ya mwembeni niliyauza. Yalirudisha pesa ya ng'ombe na ya mbegu, mbolea bado nadaiwa.

Juzi Twiga kapiga simu, anataka matano yake. Nimemwambia akamdai kiboko. Njia ya kule anaijua hatua kwa hatua.