Kuzima apdeti ili kuokoa bando

Mpelekee fundi laptopu hapa Dodoma mjini, mwambie inakula bando. Atazima apdeti za Windows, atachukua chake, nawe utarudi Nkuhungu umeridhika. Sina ugomvi na mafundi, wanafanya tunachowaomba. Ila kwa maoni yangu, hakuna huduma inayotuponza kama hiyo.

Apdeti nyingi haziji kuremba kioo. Zinaziba matundu ya kiusalama kwenye programu, na tundu likishatangazwa kuwa limezibwa, wezi nao wanajua pa kutafuta kwa wasioziba. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, cha Windows. Mei 12 mwaka huohuo programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ikaanza kusambaa kupitia tundu hilohilo, ikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin. Ilifika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Wala haikusubiri mtu abonyeze kiungo. Ikishaingia kompyuta moja, inatafuta nyingine yenyewe. Kiraka kilikuwa cha bure, na kilikuwepo kwa karibu miezi miwili.

Utasikia, "Mimi wa Chang'ombe nani anitafute?" Hakuna anayekutafuta. Programu inapita mlango hadi mlango, inasukuma kila kitasa.

Hoja ya bando lakini ni ya kweli, hasa kwa tunaotumia hotspoti ya simu. Dawa yake ipo ndani ya Windows kwenyewe: kwenye mipangilio ya Wi-Fi unaweza kuiambia kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo ("metered connection"). Mizigo mingi itasubiri. Ukipata bando la usiku, unairuhusu ipakue.

Kinachonikera zaidi ni antivirusi za kuchakachua. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, bure, na kwa mtu wa nyumbani inatosha. Watu wanaiacha, wanalipia ya kuchakachua ambayo maelekezo yake yanaanza na "kwanza zima ulinzi". Hapo mwizi kakuomba ufunguo, ukampa! Flashi inayotoka steshenari na mafolda yamegeuka njia za mkato, Defender iliyo hai huwa inaikamata. Mafaili yenyewe mara nyingi yapo, yamefichwa tu, kwa hiyo usikubali haraka kuambiwa "tufomati".

Wenye Windows 10 wana shida nyingine. Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida, zikiwemo apdeti, Oktoba 14, 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kama kazi yako ni kuandika barua na kuperuzi, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, halali, na siku chache zinatosha kuizoea.

Picha za familia na vyeti viwekee nakala kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, virusi vya aina ya WannaCry vitaifunga nayo.