GTX 1060 na RTX A2000: gigabaiti sita za 2016 na gigabaiti sita za 2021

Rafiki zangu wachora ramani za majengo wanapofikiria kubadilisha mashine, swali linalonifikia huwa ni lile lile: je, waachane na kompyuta mpakato yenye kadi ya picha ya GeForce GTX 1060 ya mwaka 2016, wanunue ya mezani yenye kadi ya RTX A2000 ya mwaka 2021? Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuniuliza, kwa sababu wamesoma kwamba kadi ya kwanza ina viini 1,280 vya CUDA, yaani sehemu ndogo za kukokotoa, na ya pili ina 3,328, wakagawanya, wakaridhika. Hesabu hiyo inamfaa muuzaji kuliko mnunuzi.

Viini vya kadi hizi mbili havihesabiwi kwa namna moja. Katika kizazi cha Ampere, ambacho A2000 ni mmoja wa watoto wake, NVIDIA, mtengenezaji wa kadi zote mbili, iliongeza maradufu sehemu zinazokokotoa namba za desimali, lakini nusu ya sehemu hizo ndizo hizo hizo zinazotumika kukokotoa namba kamili, hivyo programu inayochanganya aina zote mbili haiwezi kuvipata viini vyote 3,328 kwa wakati mmoja. Hata hivyo sikatai kwamba A2000 ina nguvu zaidi. Ina vitengo 26 vya kufuatilia miale ya mwanga, vitu ambavyo GTX 1060 haina hata kimoja, na mtu anayetoa picha za mwisho za nyumba yenye vioo vingi na jua la asubuhi ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Jambo linalonishangaza ni jinsi watu wanavyopita kumbukumbu ya kadi, mahali inapoweka mchoro inapoufanyia kazi, bila kuitazama. GTX 1060 iliyoenea kwenye kompyuta mpakato ina gigabaiti sita, na A2000 iliyotoka kwanza nayo ina gigabaiti sita. Ni kweli kwamba ile mpya husafirisha data kwa gigabaiti 288 kwa sekunde dhidi ya 192 za ile ya zamani, na kumbukumbu yake ina uwezo wa kujisahihisha makosa, sifa muhimu kwa hesabu zinazokimbia usiku na mchana ingawa mchora ramani ataihitaji kwa nadra. Lakini mtaa mzima wa nyumba, pamoja na miti na magari yake, ukishindwa kuenea katika gigabaiti sita za zamani, hautaenea katika gigabaiti sita mpya. Ndiyo maana nasema wazi kwamba anayetoka kwenye GTX 1060 asiinunue A2000 ya gigabaiti sita kabisa. Tangu Novemba 2021 ipo ya gigabaiti 12, yenye viini vile vile na inayotumia umeme ule ule.

Kuna kituko kingine ambacho wahandisi wangepaswa kukijua. Kwa hesabu za usahihi maradufu, yaani zinazohitaji tarakimu nyingi zaidi, kadi za kizazi cha Pascal kama GTX 1060 hufanya kazi kwa sehemu moja ya 32 ya kasi yake ya kawaida, ilhali A2000 hufanya kwa sehemu moja ya 64. Ukipiga hesabu, zote mbili zinaishia karibu na teraflopu 0.13 (teraflopu moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde) kwenye karatasi. Kadi inayouzwa kwa jina la kazi za kitaalamu haimzidi chochote, katika kipengele hicho, mzee aliyebuniwa kwa ajili ya michezo.

Sifa ya A2000 ninayoiheshimu kuliko zote ni wati 70. Kadi hiyo hupata umeme wake wote kupitia tundu la ubao mama, bila waya wa ziada, na kwa kuwa ni fupi inaweza kuingia kwenye kasha dogo la kompyuta ya ofisi iliyotumika. GTX 1060 ya kompyuta mpakato, kwa upande wake, hugawana na prosesa mabomba ya shaba ya kupoza joto na feni, na kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, kazi ndefu huifanya ipunguze kasi ili isiungue. Tena imechomelewa kwenye ubao: ikichoka, imechoka pamoja na mashine. Kitu pekee inachoizidi A2000 ni betri, umeme unapokatika katikati ya kikao na mteja.

Kuhusu draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, sina maneno mengi. CUDA 13, toleo la mwaka 2025 la programu ya NVIDIA ya kukokotoa kwenye kadi, imeiacha Pascal nyuma, masasisho ya kawaida ya draiva za Pascal yalikoma Oktoba 2025, na yaliyobaki ni ya usalama tu, kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. A2000 bado inahudumiwa kikamilifu, na sehemu ya bei yake, iliyotangazwa kuwa dola 449, hulipia kuhakikiwa kwake na watengenezaji wa programu za uchoraji wa kihandisi.

Mimi nimeweka A2000 ya gigabaiti 12 ofisini, na kompyuta mpakato sijaiuza. Naibeba kwenda eneo la ujenzi, ambako kazi yake ni kufungua mchoro na kuuzungusha mbele ya fundi, na kwa kazi hiyo sijawahi kuiona ikihema.