Muuza duka wa Grantham

Alfred Roberts hutajwa kwa sababu moja tu: alikuwa baba yake Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Kwangu mimi maisha yake yanatosha kujadiliwa hata bila binti huyo.

Alizaliwa mwaka 1892, mtoto wa mshona viatu, na shule akaiacha akiwa na miaka 13. Mwaka 1919 alinunua duka la vyakula Grantham, mji mdogo wa Uingereza, familia ikaishi juu ya duka. Elimu aliyoikosa aliifuata maktaba. Jumapili alihubiri kwenye makanisa ya Kimethodisti.

Mwaka 1927 akaingia baraza la mji kama diwani huru, na kwa miaka mingi akaongoza kamati ya fedha. Hapo ndipo ninapomheshimu. Kamati ya fedha haina shangwe. Ni kukaa na vitabu hadi usiku na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mtu aliyezoea kufunga hesabu za duka lake hababaishwi na makaratasi. Tena mwenye duka hujua mapema nani kafukuzwa kazi, maana anaona mteja akipunguza manunuzi.

Lakini baraza si duka. Mteja asiyelipa anaweza kunyimwa mkopo. Mkazi maskini hawezi kunyimwa barabara wala maji safi. Na muuza duka ni mlipa kodi ya mji pia, kwa hiyo kila anapoizuia isipande, analinda na mfuko wake. Simtuhumu Roberts kwa wizi. Nasema mgongano huo humfuata kila mfanyabiashara anayegombea udiwani, hata awe mwadilifu kiasi gani, na wapiga kura wana haki ya kumuuliza waziwazi.

Mwaka 1943 akapewa cheo cha alderman, yaani diwani mwandamizi, na mwaka 1945 akawa meya. Mwaka 1952 madiwani wa chama cha Labour, waliokuwa wengi barazani, wakampa mtu wao nafasi yake ya alderman. Binti yake alilia kwenye televisheni mwaka 1985 akilikumbuka jambo hilo, na uchungu wake nauelewa. Ila alderman hakuchaguliwa na wananchi, alichaguliwa na madiwani wenzake. Mlango uliomwingiza mwaka 1943 ndio uliomtoa, na mara zote mbili wateja wake hawakuulizwa. Sheria ya mwaka 1972 ilipoviondoa vyeo hivyo kwenye mabaraza, naona ilichelewa.