Anayetaka Kusoma Asidaiwe Ruhusa ya Kuandika

Chumba chetu cha kompyuta hapa Mwanga, Kigoma, kina mashine 12 na seva moja. Maktaba za programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu zetu huutumia, za lugha za Ruby na Python, zinakaa kwenye seva, na kila mashine inazisoma kupitia mtandao wa ndani. Kusoma tu, kuandika hapana. Bando la kupakua kitu kilekile mara 12 hatuna.

Mwaka jana binti mmoja aliniita. "Shikamoo mwalimu. Inanikatalia." Alikuwa ameingia kwenye folda ya maktaba moja ya Ruby, akaandika `yard doc`, amri ya YARD, zana inayotengeneza nyaraka za maktaba za Ruby, ili apate maelezo yake. Skrini ikajibu kwamba ruhusa imekataliwa. Zana ilitaka kuunda folda ya `.yardoc`, inamoweka faharasa ya maelezo hayo, palepale, ndani ya maktaba ya watu wote. Yule binti hakuwa na nia ya kubadilisha chochote.

Mwenzangu akaenda kwenye seva na kuifungua folda nzima kwa `chmod -R 777`, yaani kila mtu aweze kuiandika. Kazi ikaendelea. Wiki haikuisha, mwanafunzi mwingine, akisaka kosa lake mwenyewe, akachomeka mstari wa `puts`, amri ya kuchapisha maneno kwenye skrini, katikati ya faili la maktaba na kusahau kuutoa. Programu za darasa zima zikaanza kutoa maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Tulihangaika nayo mpaka adhana ya magharibi.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na sioni wa kunitoa hapo: zana ya nyaraka ikikuta maktaba imefungwa, kosa si la maktaba. Mpangilio wa kawaida wa folda za Linux umeshasema kwamba `/usr` ni ya data inayoshirikiwa na kusomwa tu, na vinavyobadilikabadilika vina mahali pake, `/var`. Mtumiaji naye ana `~/.cache` yake, folda ya vitu vya muda iliyo nyumbani kwake. Msomaji wa maktaba yoyote huandika kwenye daftari lake, haandiki pembeni mwa kitabu.

Na inawezekana. YARD yenyewe, ukiiendesha kwa `yard gems`, huangalia kwanza kama folda ya maktaba inaandikika, na ikiwa haiandikiki huweka faharasa kwenye `~/.yard/gem_index`, nyumbani kwa mtumiaji. Tatizo la binti yule lilikuwa amri aliyoichagua. Angeweza pia kutaja mahali pengine pa kuweka faharasa kwa `-b`, na pa kuweka kurasa za nyaraka kwa `-o`. Watengenezaji wa lugha ya Go wameenda mbali zaidi: tangu walipoleta moduli, mfumo wao wa kupakua maktaba, mwaka 2018, faili za maktaba ulizopakua hufungwa zisiandikwe, na `go doc` husoma msimbo wenyewe moja kwa moja. Python ikishindwa kuandika `__pycache__`, folda inamohifadhi msimbo iliokwisha kuutafsiri, huendelea na kazi bila kelele, na toka toleo la 3.8 unaweza kuihamishia kwingine kwa `PYTHONPYCACHEPREFIX`.

Lakini kuhamishia kila kitu nyumbani kwa mtumiaji hakutoshi, na hapa ndipo watengenezaji wengi wanapoishia njiani. Wanafunzi 20 wakijenga faharasa ya maktaba ileile, seva inabeba nakala 20 za kitu kimoja, na kila mmoja anasubiri upya. Zana inapaswa kutafuta kwanza faharasa ya pamoja iliyojengwa na msimamizi, ikikosa ndipo ijenge ya mtumiaji. Na jina la faharasa lazima libebe toleo la maktaba, kama YARD inavyofanya. Msimamizi akisasisha maktaba usiku, asubuhi mwanafunzi asisome maelezo ya kitu ambacho hakipo tena. Kwetu, mtandao ukikatika, nyaraka zilizo kwenye seva ndizo pekee zilizopo. Zikidanganya, mwanafunzi hana pengine pa kuhakikisha.

Siku hizi sisi tunajenga faharasa mara moja tu, kila tunapoongeza maktaba, kwa akaunti moja yenye ruhusa, kisha folda inafungwa tena. Wanafunzi wanaandika `yri`, amri ya YARD ya kusoma maelezo, na jina la metodi, maelezo yanatokea.

Wewe unayetengeneza zana hizi, kabla hujatoa toleo jipya, chukua maktaba moja, iondolee ruhusa ya kuandika kwa `chmod -R a-w`, kisha endesha zana yako ukiwa mtumiaji wa kawaida, intaneti ikiwa imezimwa. Ikianguka, ndivyo itakavyomwangukia mwanafunzi wangu hapa Mwanga.