Marehemu Anayeuza Gari

Gazeti nililokuwa nikilifanyia kazi jijini Dar es Salaam lilikuwa na ukurasa wa matangazo madogo ambamo harusi, tanzia, viwanja na magari vilikaa pamoja kwa amani, kila jina likiwa limekolezwa wino kati ya alama mbili za maelekezo ziitwazo tagi, <b> na </b>. Programu iliyochota majina hayo kutoka kwenye HTML ya tovuti yetu (lugha ya kuandikia kurasa za mtandao) na kuyapanga kwa ajili ya kuchapwa niliirithi kwa mtangulizi wangu, na kiini chake kilikuwa rejeksi moja fupi, yaani kanuni ya alama inayotafuta maandishi yenye umbo fulani: <b>(.*)</b>. Ilikuwa imefanya kazi miaka mingi bila lawama, kwa sababu kila tangazo lilikuwa na mstari wake, na nukta katika rejeksi, ambayo husimamia herufi yoyote, usipoiamuru vinginevyo, haivuki mwisho wa mstari.

Kisha tovuti ikapata mfumo mpya ambao, kwa nia njema ya kupunguza uzito, uliubana ukurasa mzima katika mstari mmoja. Ile nyota inayofuata nukta na kuamuru irudiwe mara zozote, ambayo wanahisabati huiita kwa jina la Mmarekani Stephen Kleene, ni mlafi: hukimbilia kwanza mwisho wa mstari, ndipo irudi nyuma herufi moja moja mpaka ikutane na </b> ya mwisho kabisa, mithili ya mgeni wa pilau anayefagia sinia zima kisha akarudisha tonge moja kwa ajili ya adabu. Majina yote ya ukurasa yakawa jina la mtu mmoja.

Mhariri mkuu alinipigia simu kabla sijanywa chai.

“Mwanangu, huyu bwana amefunga ndoa Jumamosi, anazikwa leo saa kumi alasiri, na bado anauza Toyota Vitz?”

“Shikamoo, Mzee,” nilijibu, nikitafuta muda.

“Marahaba. Anauza au hauzi?”

Niliongeza alama ya kuuliza, ikawa <b>(.*?)</b>, nayo nyota ikashiba mapema: sasa ilisimama kwenye </b> ya kwanza inayoiona. Harusi zilitengana na misiba, na ofisi ikatulia hadi siku karani wa matangazo alipokoleza wino ndani ya wino, yaani <b>Marehemu <b>Mzee</b>, kisha jina kamili la marehemu, ndipo </b> ya nje. Rejeksi ya namna hii haiwezi kuhesabu ni milango mingapi imefunguliwa ili ijue ni ipi inayofungwa. Ilichukua ilichokutana nacho, na gazeti likatoka na tanzia yenye maneno mawili tu, “Marehemu Mzee”, bila jina. Kwa kuwa ofisi nzima haikuwa na Mzee mwingine ila mhariri mkuu, alishinda siku hiyo akipokea simu za watu waliotaka kumpa pole mjane wake, na wawili kati yao, alivyonieleza kwa uchungu, walisikitika kumsikia yu hai.

Lililobaki lilikuwa la dalali wa viwanja. Tagi zilizosalia tulizifuta kwa <[^>]+>, ambayo humeza kila kitu kuanzia < hadi > bila kuuliza kama kweli ni tagi. Dalali alikuwa ameandika: “Viwanja, bei < milioni 8, havina mgogoro, eneo > mita 600.” Kichanganuzi halisi cha HTML, yaani programu inayosoma tagi kwa kanuni zake, kingeiacha < yenye nafasi mbele yake ibaki maandishi, lakini rejeksi yetu ilimeza bei, mgogoro na eneo, ikachapa “Viwanja, bei mita 600.”

Alikuja akifoka kwamba tumemfutia maneno muhimu kuliko yote, yale ya kutokuwa na mgogoro, na kwamba anataka tangazo lirudiwe bure pamoja na fidia. Mhariri mkuu alimpa kiti, akavua miwani, akamwuliza kwa upole kama kweli viwanja hivyo havina mgogoro. Dalali aliomba arudishiwe nusu ya fedha tu, akasaini haraka, akaondoka.