Filamu Ni ya Wote, Mdoli Una Mwenyewe

Hapa Waltham, Massachusetts, mji ambao Waganda tumejaa kiasi kwamba matoke si kitu cha kutafuta, filamu kubwa ya anga za juu inapokaribia kutoka, filamu yenyewe ndiyo hutufikia mwisho. Hutangulia boksi la siriali ya kifungua kinywa lenye uso wa shujaa, kikafuata kikombe cha soda, zikaja nguo za kulalia, hata plasta za kubandika kwenye kidonda, na mwanangu huwa amekwisha kuyajua majina ya wahusika wote, pamoja na silaha zao, kabla hajaona hata dakika moja ya kisa chao. Nyumbani Jinja mambo huenda kinyume: filamu hufika kwanza, ikiwa imepita mdomoni mwa VJ, yaani msimulizi wa filamu vibandani, aliyeitia Kiganda na vichekesho vyake, kisha bidhaa za filamu hiyo huja baadaye, kama zitakuja, na hakuna aliyeziombea ruhusa.

Wengi wetu tulio ughaibuni hupenda kusema kwamba watoto wa nyumbani ndio wenye bahati, kwa sababu hujitengenezea vichezeo vyao wenyewe. Nimekulia Walukuba, mtaa wa Jinja, nimesukuma gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye malapa yaliyochakaa, na nimepiga mpira wa majani ya mgomba. Lakini siwezi kuusifu ukosefu ati ni shule ya ubunifu. Angetokea mtu akatupa mdoli wa dukani, tungeliliacha lile gari mtaroni siku hiyohiyo. Ninachoona kinatutenganisha na Wamarekani katika jambo hili ni karatasi, yaani mkataba, na hapo ndipo ninapodhani watu wa nyumbani wanapaswa kuangalia zaidi kuliko wanavyoangalia wingi wa rafu zetu.

Mkataba ulioibadilisha biashara hii uliandikwa kabla ya Mei 1977, filamu ya Star Wars ilipotoka. George Lucas, badala ya kung'ang'ania ujira mkubwa zaidi wa kuongoza filamu, alijibakizia haki ya bidhaa na haki ya filamu zitakazofuata, na studio ya 20th Century Fox ikakubali, kwa kuwa siku hizo bidhaa za filamu zilihesabiwa kuwa makombo. Kampuni ya vichezeo ya Mego ilikuwa imekwisha kuikataa leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza vichezeo vya filamu hiyo, ikachukuliwa na Kenner ya Cincinnati. Filamu ilipolipuka, Kenner haikuwa na kitu cha kuuza, maana kutengeneza kalibu za plastiki huchukua miezi mingi, na Krismasi haisubiri mtu. Basi Krismasi ya mwaka ule waliuza bahasha ya kadibodi yenye picha na cheti cha kutuma kwa posta, ili midoli minne ya kwanza imfikie mtoto mwanzoni mwa 1978. Wazazi walinunua ahadi, wakaifunga kwa karatasi ya zawadi. Lucas alitajirika, na mwaka 2012 Disney ilipoinunua kampuni yake kwa dola zaidi ya bilioni 4, haki zile zilizodharauliwa zilikuwa sehemu kubwa ya kilichokuwa kinanunuliwa.

Ukishika mdoli mmoja wa aina ile utaelewa ujanja wake. Una urefu wa sentimita tisa na nusu hivi, mdogo kwa makusudi, kwa sababu chombo cha anga cha kumpakia mdoli wa sentimita thelathini kingejaa sebule nzima, lakini mdoli mdogo unaweza kuuziwa ndege, na ndege ikauziwa kambi, na kambi ikauziwa dubwana la kuishambulia. Mdoli umebandikwa kwenye kadi ndani ya kifuko cha plastiki ngumu. Ugeuze kadi. Nyuma yake hapana hadithi, zimepangwa picha za midoli mingine ambayo mtoto bado hana. Kadi za kwanza za Kenner zilikuwa na picha kumi na mbili. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuhesabu kinachopungua nyumbani kwao, na mwanangu, ambaye hawezi kukaa na kitabu robo saa, huweza kuikazia macho kadi ya namna hiyo mpaka chakula kipoe.

Baada ya hapo milango ikafunguka yote. Mwaka 1979 McDonald's ilitoa mlo wa watoto ulioandamana na filamu ya Star Trek. Mwaka 1982, watengenezaji wa filamu ya E.T. walipokataliwa na kampuni ya Mars kutumia peremende zake, Hershey ilikubali kutoa za kwake na kutenga dola milioni moja kwa matangazo, nayo mauzo yakapanda kwa kasi. Filamu ile ile ilizaa pia mchezo wa video wa Atari uliotungwa kwa wiki tano hivi, mbaya hata katriji zake zikaishia kufukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, ambako watu walizifukua mwaka 2014. Leseni haiokoi kitu kibovu, ingawa mara nyingi hukiuza kwanza.

Kisha mwaka 1984 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikalegeza kanuni za matangazo ya televisheni, na kamba ikakatika. Mwaka huohuo Hasbro, kampuni iliyokulia Pawtucket, katika jimbo jirani na hapa nilipo, ilichukua roboti za kampuni ya Takara ya Japani, ikaziundia hadithi na katuni, zikaitwa Transformers. Hapo mdoli ulitangulia na hadithi ikatungwa ili kuuuza. Katika filamu yao ya katuni ya mwaka 1986 wahusika wapendwa waliuawa kwa mfululizo, kiongozi wao akiwa miongoni mwao, kwa sababu midoli yao ilikuwa imekwisha kuuzwa na rafu zilihitaji sura mpya. Watoto walilia kumbini. Mwaka 1990 sheria ilirudisha mipaka kidogo: dakika kumi na nusu za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto mwishoni mwa wiki, na kumi na mbili siku za kazi. Jimbo la Quebec nchini Kanada limekataza tangu 1980 matangazo ya biashara yanayolenga watoto walio chini ya miaka 13, na mzazi yeyote aliyewahi kupita supamaketi na mtoto mkononi Jumamosi asubuhi hataliita kosa.

(Kwa wanaopenda vituko vya forodha: mwaka 2003 mahakama ya biashara ya Marekani iliamua kwamba sanamu ndogo za X-Men, mashujaa wa kampuni ya Marvel, si wanasesere, maana wanasesere ni mfano wa binadamu na hawa si binadamu kamili, ushuru wao ukashuka kutoka asilimia 12 hadi 6.8. Kampuni iliyotumia miaka mingi kutuambia kwamba mashujaa wake ni watu kama sisi ilifurahi sana kushinda kesi hiyo.)

Turudi nyumbani. Asidhani mtu kwamba Uganda iko nje ya biashara hii. Shuka Kikuubo, pale Kampala, ambapo wachuuzi wa Jinja hufunga mizigo yao ya jumla, utakuta mabegi ya shule yenye nyuso za mashujaa hao, na vifurushi ambamo shujaa wa kampuni moja amefungwa pamoja na adui wa kampuni nyingine, jina limekosewa herufi mbili, rangi ya jicho imeangukia shavuni. Katika marobota ya mivumba, yaani mitumba, hutokea mdoli uliokuja na mlo wa mtoto fulani wa Ulaya, mkono mmoja haupo. Bei hupatana na mfuko wa mzazi, na mtoto hafahamu wala hajali kama kuna mtu anayedai mrabaha. Mpwa wangu aliponiona kwenye video nikiwa dukani mbele ya ukuta mzima wa midoli aliniuliza, "Mjomba, sasa hivyo vyote ni vya filamu moja?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na filamu yenyewe ni nzuri?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hapa swali hilo huulizwa mwisho.

Hicho ndicho ninachokipenda katika utazamaji wa nyumbani. Katika kibanda cha video filamu husimama au huanguka kwa kisa chake na kwa ulimi wa VJ; hakuna siriali ya kuipigia debe mwezi mzima kabla. Ila siwezi kuishia kwenye sifa, kwa sababu upande wa pili wa mzani unaniumiza.

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliwapa walimwengu Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa fedha ambazo studio ya Hollywood ingezimaliza kwa chakula cha mchana. Bunduki zilichongwa au kuungwa kwa vyuma chakavu na vijana wa mtaani, na diski ziliuzwa kwa mkono, mbiombio, kabla ya wezi wa nakala kufika. Zile bunduki za Wakaliga tayari ni vichezeo. Mtoto wa Boston angezigombea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari katika biashara hii ni mkataba wa leseni na jina lililosajiliwa. Sheria hatukukosa: tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2006 na Sheria ya Alama za Biashara ya 2010, na ofisi ya usajili ipo. Tulichokosa ni mazoea ya kuuliza, kabla kamera haijawashwa, sura hii na jina hili ni vya nani vikichapwa kwenye fulana.

Wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya wakubwa nawakumbusha filamu ya Black Panther ya 2018. Kofia ya mama mfalme ilitokana na isicholo ya wanawake wa Kizulu, mablanketi yalitokana na ya Wabasotho, na mmoja wa walinzi wa kike wa mfalme aliigizwa na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala. Nilifurahi kama kila mtu. Kisha nikaingia dukani nikaona barakoa na makucha ya plastiki yamejaa rafu, na kila mojawapo imepigwa chapa ya Marvel na ya mwenye leseni. Ni haki yao kisheria, wao ndio walioandika. Lakini nguo ya gome la mti ya Waganda, ambayo ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu, itaonekana siku moja mwilini mwa shujaa wa anga za juu, nami ningependa siku hiyo mafundi wa Masaka wawe na mwanasheria mezani tangu mwanzo, badala ya kualikwa kucheza ngoma siku ya uzinduzi.

Kwa hiyo dada yangu akinilalamikia kwamba watoto wake hawana midoli halisi, simtumii tena maboksi kama zamani. Mpwa wangu ana daftari la picha za roboti aliyeundwa kwa vipuri vya bodaboda, anapita usiku juu ya Mto Nile akiwatafuta wezi wa mafuta, na anachora vizuri kuliko umri wake. Tumekwisha kukubaliana aandike tarehe na jina lake kwenye kila ukurasa. Fundi mmoja wa kuchapa fulana pale Jinja ameona picha hizo na anataka kuanza kuziuza kabla ya Krismasi, nusu kwa nusu, kwa maneno ya mdomo tu. Dada anasema fundi huyo ni mtu mwema na tutamwudhi tukimpelekea karatasi. Nimeiandika hata hivyo, kurasa mbili, jina la roboti likiwa katika kifungu cha kwanza, na ninangoja wanipigie.